Kikopo Chenye Jina la Koko

*Ukurasa uliofichwa chini ya godoro. Haukutumwa.*

Kimandolu,
Jumanne, 14 Januari 2025

Kaka Lengai,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nakuandikia wewe kwa sababu uko bweni, mbali, huwezi kuniangalia usoni. Jana asubuhi niliingia chooni na kikopo chenye jina la Koko, nikakijaza mimi.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Mama kaamua kweli. Yale maneno ya kufungua mahali pa kuuza loshoro ya mahindi na maziwa mgando, yale anayoyasema kila Krismasi bibi yetu Koko akishapika watu wakalamba vidole, sasa yana karatasi. Kapanga chumba cha mbele kwa Mzee Avtar, palipokuwa na duka la vipuri. Biashara inaitwa Loshoro ya Koko. Mwandishi wa karatasi ni mimi, maana nasubiri matokeo ya kidato cha nne na sina kazi, na Mama anasema ada yote ile ya shule ya Kiingereza lazima irudi kwa njia fulani. Namba ya mlipakodi tunayo. Barua ya mtendaji wa mtaa tunayo. Mkataba wa pango Mzee Avtar aliusaini akiwa amesimama, kwa kalamu ya kuazima. Maombi ya leseni nimeyajaza pale steshenari kwenye mfumo wa halmashauri, ikabaki sehemu moja: vyeti vya afya vya wahudumu wa chakula. Wameandikwa wawili, Mama na Koko. Mimi nikiosha vyombo Mama anasema haihesabiki.

Vipimo ni damu na choo. Mama kachagua ile zahanati ambako Baba Mdogo Gadiel anafanya kazi maabara, ili mambo yaende haraka. Hapo ndipo alipokosea, na sidhani kama mpaka leo anajua amekosea. Wewe unajua Koko akisikia pikipiki ya Gadiel inaingia anavyojifunika khanga na kupitia nyuma ya banda. Miaka kumi na moja tangu amwoe Mama Mdogo Hanna, na hawajawahi kula chumba kimoja. Mkwe ni mkwe. Sasa Mama anampa Koko kikopo, amjazie mkwe wake choo akitazame kwenye hadubini.

Damu Koko alitoa bila neno, aliyemchoma ni nesi wa kike. Kikopo alikishika tu. Mama akacheka, akasema, Gadiel anavaa glavu, haoni mtu pale, anaona vijidudu. Asubuhi Koko akaja chumbani kwangu, akakiweka juu ya daftari langu.

"Jaza wewe, yeyo," akasema. "Wewe ni mtoto. Huna mkwe."

Unajua akiniita yeyo, mama yake, sina ujanja.

Jina nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri: NAEKU LOMAYANI, MIAKA 68. Chini ya fomu kuna sentensi ya Kiingereza kwamba mhusika anathibitisha sampuli ni yake. Nilimtafsiria Koko. Kwa Kiingereza cha fomu jambo lenyewe halina harufu. Kwa Kiswahili nilishindwa kumaliza, nikasema tu, wanataka dole gumba. Akaweka.

Nikapeleka vikopo viwili kwenye mfuko wa mkate. Baba Mdogo akanisalimia, akaniuliza matokeo yanatoka lini. Nilitazama viatu vyake. Tumbo limekuwa likinisokota tangu Mwaka Mpya, na sijamwambia mtu hilo nalo, nadhani ni hofu ya mtihani.

Nasikia kandambili za Mama koridoni. Hii inaingia chini ya godoro.

*Ukurasa mwingine uliofichwa chini ya godoro.*

Kimandolu,
Ijumaa, 17 Januari 2025

Kaka,

Baba Mdogo hakuja mwenyewe. Alimtuma Mama Mdogo Hanna, akasimama uani na Mama, wakaongea chini chini, lakini unajua jikoni kwetu kila kitu kinasikika. Kikopo cha Mama ni safi. Kikopo cha Koko kina amiba.

Tulikuwa tunachagua mahindi, Koko upande mmoja wa ungo, mimi upande wa pili. Hakuinua kichwa. Mimi nilitazama mikono yake. Mahindi yaliendelea kuanguka, mazuri huku, mabovu kule.

Jioni Mama alileta vidonge. Koko alivipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu. Mama alipotoka, akanishika mkono, akavitia kiganjani, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka ngumi ikafunga.

Nitameza mara tatu kwa siku. Nimeanza leo, na chakula cha usiku kilikuwa na ladha ya chuma.

Kimandolu,
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa Kaka Lengai,

Habari za shule? Sisi hatujambo. Barua hii nimempa yule dereva anayewaletea mboga, kasema ataifikisha Jumanne.

Habari ya kwanza ni kwamba Koko amepimwa kwa ajili ya leseni, akakutwa na amiba. Mama alimwambia si kitu cha ajabu, ameze dawa, baada ya wiki mbili arudie kipimo, apate cheti. Koko akasema dawa zitamezwa, lakini kipimo harudii. Mama akauliza kwa nini. Koko akasema, "Mtu anavuliwa nguo mara moja." Mama akaona ni ukaidi wa uzee. Walisemezana kidogo. Si sana.

Alhamisi alikuwa amekuja Bibi Afya wa kata, anaitwa Nancy, kukagua chumba. Ni mtu mpole, anaandika polepole. Alipima mlango kwa macho, akafungua bomba la karo, akauliza wavu wa dirisha, akaingia chooni akakaa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Kuta akasema zipakwe rangi ya mafuta zifutike. Tuliogopa atakataa vibuyu vya maziwa. Koko, kabla hajaambiwa habari zake, alimwonyesha anavyovichoma ndani kwa kijinga cha loirien, ule mti wa kufukizia maziwa, na kuvipangusa, bila maji wala sabuni. Bibi Afya aliingiza pua kwenye kibuyu, akaitoa, akaingiza tena. Akasema vibuyu vya kugandishia vibaki, ila kwa wateja maziwa yatoke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Koko alifurahi siku nzima.

Jana Mama alimpigia simu Bibi Afya kuhusu kipimo. Akajibiwa kwamba orodha haiwezi kuwa na mtu asiye na cheti. Ama Koko apime tena, ama jina litoke. Mama akasema litoke. Kitufe cha kulifuta nilibonyeza mimi, pale steshenari.

Koko amefunga khanga tatu na kibuyu kimoja, kile cheusi cha mama yake, ameenda kwa kaka yake, Babu Kisioki, huko kwenu Momela. Mama anasema ni kwa muda. Baba bado yuko Serengeti na wageni, hajui.

Mimi sijambo. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Naipanoi

Shuleni, Momela,
Jumapili, 26 Januari 2025

Mdogo wangu Naipanoi,

Barua yako imefika ikinuka kabichi, lakini imefika. Huku tuko salama, tunakula maharage na wakazi wake. Mitihani ya majaribio inaanza mwezi ujao, mwalimu wa kemia ameapa kutuzika.

Nimesoma habari ya Koko mara mbili. Huyo amiba mimi namchora kila mtihani wa baiolojia, miguu yake ya uongo na kiini chake, sikujua tunaishi naye nyumba moja. Sasa sikiliza, na mwambie Mama hivi hivi. Mtu anaweza kumbeba miezi na miezi bila kuumwa hata kidogo, ndiyo maana Koko anaonekana mzima na anajiona mzima. Mama anafikiri ni ukaidi, kumbe ni ugonjwa wenyewe ulivyo, haujitangazi. Na kama amekataa kurudia kipimo, hatuna uhakika kama alimeza zile dawa. Wazee wa kwetu vidonge wanavitupia kuku. Mama amefanya sawa kutoa jina. Biashara ya chakula ikisemwa mara moja mjini, basi.

Nyumbani chemsheni vyombo vyote alivyokuwa anatumia. Huku nako nimeshachukua hatua. Lesikar, mtoto wa mwisho wa Babu Kisioki, anatuletea maziwa shuleni kila Jumatano. Nimemweleza taratibu, bila kumwaibisha mtu, kwamba Koko apewe kikombe chake na sahani yake, na asishike maziwa ya familia kwanza. Amenielewa.

Siku ya wazazi ni tarehe tisa. Najua ninyi mmebanwa na rangi za ukuta, na Koko yuko karibu, labda yeye atakuja.

Matokeo yako yametoka? Mbona umenyamaza? Wewe ukinyamaza huwa kuna kitu, au hakuna kitu kabisa, sijawahi kujua tofauti.

Kaka yako,
Lengai

Kimandolu,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa Kaka,

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Niliyaona kwenye simu ya mwenye steshenari nilipokuwa nimeenda kutoa nakala ya mkataba. Nikalipia nakala, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi. Nikamwambia, akasema Mungu ni mwema, nishikie hili kopo. Nikashika kopo. Usimlaumu, baadaye alilia kidogo, akanipikia chapati. Mimi ndiye niliyekosa cha kuhisi. Umewahi kulalia mkono ukaamka umekufa ganzi, ukauinua kwa mkono mwingine kama si wako? Ndivyo.

Chumba kimekamilika. Kuta zinafutika, wavu umewekwa, Mama ana aproni mbili nyeupe na kofia yake inamchekesha mwenyewe. Bibi Afya anarudi Jumatatu ya tarehe kumi na saba kusaini ripoti ya mwisho, ndipo leseni itoke. Tatizo ni chakula. Mama amepika loshoro mara nne. Mahindi yameiva vizuri, maziwa yameganda, vibuyu amevichoma kama Koko. Mara ya tatu alimpelekea Mzee Avtar bakuli ajaribu. Mzee wa watu anakula loshoro ya Koko tangu Mama akiwa msichana. Alikula vijiko vitatu kwa heshima, akafuta ndevu.

"Mama Lengai," akasema, "haya ni mahindi na maziwa. Loshoro iko wapi?"

Mama alicheka mbele yake. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda cha Koko akiwa bado na kofia kichwani. Akaniuliza, nilimfukuza mama yangu, eti? Niliosha bakuli. Nikasema hapana, uliandika tu orodha.

Juzi niliungua kidole kwenye sufuria, nikakitazama tu mpaka Mama aliponivuta.

Kuhusu kikombe. Umeandika kwamba umemwambia Lesikar ampe Koko kikombe chake. Sijui kama ilikuwa lazima, Kaka. Labda mngesubiri kwanza. Nasema tu.

Dawa zilimezwa. Hilo nina uhakika nalo.

Mdogo wako,
Naipanoi

Shuleni, Momela,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Naipanoi,

Leo sina utani. Nilikusudia kuandika wiki ijayo lakini nimeshindwa kusoma, naona niandike niitoe.

Koko alikuja jana. Alitembea kutoka kwa Babu na Lesikar nyuma yake. Wazazi wengine walikuwa wametandika khanga kwenye majani mbele ya bwalo, wamekaa na watoto wao. Yeye alikaa pembeni, karibu na tangi la maji, na nilipotaka kumsogeza kwa wenzake akasema hapa panamtosha. Kikombe chake alikuwa amekifunga kwa kamba kwenye mfuko, cha bati, cha bluu. Akaona nakitazama. Akasema, "Siku hizi mimi ni mzungu, nina kikombe changu." Lesikar akacheka. Mimi nikacheka. Babu Kisioki naye amempa chumba cha kulia upande mwingine, si kwa ubaya, ni kwa sababu ya yale niliyosema mimi. Maziwa hashiki. Anakaa anatazama wakwe wa watu wakikamua.

Aliniletea loshoro kwenye kibuyu kile cheusi. Kwa vile haruhusiwi kugusa ng'ombe wa pale, aliomba maziwa kwa jirani asiyemjua. Alitaka nile yeye akiona. Nikamwambia nimeshiba, nitakula jioni na wenzangu. Akasema sawa. Halafu alipoenda kumsalimia padri, nikapita nyuma ya bweni, nikamwaga yote kwenye shimo la taka. Naipa, ilikuwa inanukia. Nilisimama pale njaa inaniuma, namwaga. Nikaona haitoshi. Nikaenda bombani, nikaosha kibuyu kwa sabuni ya unga, mara mbili, nikasugua na mchanga.

Wakati wa kuondoka akakiomba. Akafungua mfuniko, akanusa, kama anavyonusa siku zote kabla ya kufunga. Akabaki hivyo kidogo.

"Umeosha," akasema. "Asante, baba."

Akafunga. Wewe unajua kibuyu cha maziwa hakijui sabuni. Kilikuwa cha mama yake, kimekunywa maziwa miaka sitini, sasa kimekufa, na yeye anakibeba hivyo hivyo kama mtoto. Nimesoma baiolojia yote, nikasahau hilo moja.

Niambie nilifanya sawa. Wewe ndiye uliyekuwepo alipopimwa. Niambie ilibidi.

Alinipa maneno yako, akasema niandike kama anavyosema, nisipambe. Haya hapa:

*"Mwambie Naipanoi, mjukuu wangu, nimesikia amefaulu, nimefurahi. Mwambie mama yenu Anna asitie maziwa kwenye mahindi yakiwa bado yanatoa moshi, ayaache yapoe mpaka mkono ukae, yeye ana haraka tangu mtoto. Mwambie Naipanoi, zile dawa alizimaliza? Asiache katikati akiona amepona. Amalize zote. Mimi sijambo, naamka alfajiri kila siku, naona mlima kwa upande wa pili."*

Hapo kwenye dawa naona alichanganya, dawa zilikuwa zake. Nilimuuliza, akasema andika. Nimeandika. Uzee labda. Au ndiyo njia yake ya kukubali kwamba hakuzimeza.

Nijibu haraka.

Lengai

Kimandolu,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kaka Lengai,

Ndani ya barua hii utakuta karatasi mbili nilizozitoa chini ya godoro. Soma hizo kwanza, ya tarehe kumi na nne na ya tarehe kumi na saba, ndipo uendelee hapa.

Sasa unajua. Koko hakuchanganya kitu. Alikuwa anauliza kama nimemaliza dawa, na nimemaliza. Wewe ulimwaga chakula cha mtu asiye na ugonjwa kwa sababu nilikuandikia uongo kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo siwezi kukwambia ilibidi. Haikubidi. Lakini sabuni ile ni yangu, si yako, na nataka ulijue hilo kabla ya mtihani wako.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilikaa nayo. Nilisubiri nilie, machozi hayakuja. Alhamisi nikavaa sketi ya shule, sijui kwa nini ya shule, nikaenda zahanati. Nilikaa kwenye benchi watu kumi na wawili wakanipita. Kila jina likiitwa najiambia huyu akitoka naingia. Mwisho Baba Mdogo alitoka mwenyewe kufunga kwa ajili ya chakula, akanikuta. Akauliza kama Mama anaumwa. Nikamwambia kile kikopo chenye jina la Koko kilikuwa changu.

Niliyasema nikitazama viatu vyake, lakini niliyasema.

Akaniingiza ndani, akafunga mlango, akakaa. Akasema, tangu siku ile hajapita nyumbani kwetu kwa sababu alishindwa kufikiria atampitaje Koko njiani, yeye aliyeandika ugonjwa kwenye jina la mama mkwe wake. Alidhani Koko amehama kwa kumkimbia yeye. Mama Mdogo Hanna naye hajamsemesha vizuri mwezi mzima.

"Na mimi nilijua," akasema. "Si kwamba ni chako. Nilijua mama yule hawezi kuniletea choo chake. Nilipokiona kikopo nikasema dunia imebadilika. Nikapima. Ningeuliza swali moja tu."

Akasema pale kwa masista kuna mpimaji mwanamke, mtu mzima, na bwana wake si wa ukoo wetu. Lingekuwa jambo la asubuhi moja. Hakuna aliyewaza, kila mtu alikuwa na haraka. Akanipa kikopo kipya, akaandika jina langu yeye mwenyewe. Jana nilifuata majibu. Ni safi. Karatasi ninayo hapa, ina jina langu na muhuri.

Halafu akaniambia hili, nalo ni la kweli. Majibu ya uongo yamepita mkononi mwake, kwa hiyo atamweleza Bibi Afya kabla hajasaini Jumatatu. Hawezi kunyamaza, ana leseni yake na yeye. Huenda ripoti ikasubiri. Huenda leseni ikachelewa wiki, huenda mwezi, huenda Mama akaitwa ofisini ajieleze kwa nini dole gumba la Koko liko kwenye fomu ya sampuli ya mtu mwingine. Ila Mama aambiwe na mimi, si na yeye, na si baada ya Jumamosi, yaani leo. "Jumapili baada ya ibada napita kwenu," akasema. "Nikifika nisikute ni habari mpya."

Leo ni leo. Tangu asubuhi Mama anaandika kibao cha mlangoni. Kapiga mistari kwa penseli, kaandika LOSHORO YA, halafu akaacha. Brashi iko kwenye maji. Amezunguka nyumba, amefua vitambaa vilivyo safi, hajarudi kwenye kibao. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara ya kwanza nikasema chumvi imeisha. Mara ya pili nikasema mvua itanyesha. Mara ya tatu alinitazama, akangoja, nikasema hakuna kitu.

Kwa hiyo nimekaa mezani jikoni, nimeandika. Kuandika naweza. Nimeandika karatasi ya tatu, fupi, kwa Kiswahili, ya Bibi Afya: *Mimi Naipanoi, umri wa miaka kumi na saba, nathibitisha kwamba choo kilichopimwa tarehe kumi na tatu Januari kwa jina la bibi yangu Naeku Lomayani kilikuwa changu. Bibi yangu hakukutwa na ugonjwa wowote. Naomba jina lake lirudishwe kwenye orodha akishapimwa na mpimaji mwanamke.* Nimesaini jina zima. Kwa Kiswahili jambo lina harufu, lakini safari hii nimelimaliza.

Koko akikubali kurudi sijui. Kibuyu hakirudi, hilo najua. Nimeuliza kwa wamama wa sokoni, wanasema kipya unakichoma mwaka mzima ndipo kinaanza kukubali. Nitanunua kimoja. Wewe ukitoka mtihani tutakichoma wote.

Natia sahihi mapema, kwa sababu nasikia kandambili.

Mdogo wako,
Naipanoi

Ziko koridoni. Zimepita chumba changu, zinakuja huku. Godoro liko mbali, mfuko wa unga uko karibu, nimeutazama. Hapana. Hii ya kwako naikunja baadaye. Zile karatasi za zamani nimezitoa tena kwenye bahasha, nimezipanga mezani pamoja na ya Bibi Afya na ile yenye muhuri, nimezigeuza zielekee mlangoni, ili anayeingia azione kwa upande wa kusomeka.

Amesimama. Ana brashi mkononi. Anauliza naandika nini.